Mguu wa Yolande

Zabibu alisema mguu utakatwa. Aliyasema hayo akiwa ameinama juu ya karai la nyanya, pale kona ya spaza, kile kiduka cha mtaani, bila hata kupunguza sauti, kama mtu anayetaja bei ya vitunguu.

"Utakatwa hapa," akajigusa chini ya goti. "Umeshaoza ndani kwa ndani. Nimeambiwa na mtu anayefanya usafi hospitali ileile aliyolazwa. Na wewe Mama Gaël unakaa naye ukuta kwa ukuta, usijifanye hujui."

"Mimi sijui," Orpha akasema.

"Hujui! Na ile harufu?"

"Harufu ninayoisikia mimi ni ya dagaa wako."

Wanawake waliokuwa wakichagua nyanya wakaangua kicheko. Zabibu naye akacheka, si mtu wa kuweka kinyongo, lakini hakukubali kuachwa hivyo. "Cheka tu, mama. Tangu lini mtoto wa Kirundi akawashinda watoto wa matajiri juu ya barafu yao wenyewe, halafu wakamtazama hivihivi? Yule ametegwa. Kuna mtu amemwaga kitu pale."

Orpha akamkaza mtoto mgongoni, akachukua mchicha wake, akashika njia ya nyumbani. Alijikaza asiende mbio. Habari za kutegwa hazikumtisha, kwao Uvira alishazisikia za kutosha. Kilichomtisha ni kwamba jana yake jioni alimsikia Yolande akilia ng'ambo ya ukuta. Hakikuwa kile kilio cha msichana aliyegombezwa. Alilia kwa kukatakata, kama mtu aliyejiziba mdomo kwa nguo.

Walikaa uani kwenye nyumba moja ya zamani pale La Rochelle, mtaa wa Johannesburg, vyumba vimepangwa mstari mmoja, bomba moja la maji, kamba moja ya nguo. Chumba cha mwisho alikaa Orpha na mumewe Égide, mlinzi wa ghala, na mtoto wao Gaël aliyekuwa ndiyo kwanza anaota meno. Cha pili yake alikaa Gaudiose na binti yake Yolande.

Yolande alikuwa na miaka kumi na saba. Alizaliwa kambi ya wakimbizi Tanzania, akaingia Johannesburg angali anabebwa. Mama yake alipata kazi ya kupiga deki katika duka kubwa, moja ya yale maduka yaliyojaa maduka mengine ndani, na huko ndani kulikuwa na uwanja wa barafu. Mtoto akitoka shule alimsubiri mama yake pale, ameegemea kizuizi, anatazama wenzake wakiteleza. Siku moja kocha, mama mmoja wa Kizungu mwenye miwani, akachoka kumwona ameegemea, akamvisha viatu vyenye chuma chini. Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumvua. Mwaka ule wa Kombe la Dunia, nchi nzima ikipuliza vuvuzela kwa ajili ya mpira, Yolande alikuwa bingwa wa Afrika Kusini kwa wasichana wa umri wake. Kanisani Troyeville mchungaji alimwita mbele. Waumini hawakuelewa hasa amefanya nini, ila walipiga vigelegele mpaka akaficha uso kwa mikono.

Mwaka uliofuata, majira ya majani kukauka, aliruka kama alivyoruka siku zote, akatua vibaya, kifundo cha mguu kikavunjika. Daktari alimpasua akamfunga kwa kipande cha chuma na skurubu. Plasta ilipotolewa akapewa kiatu kikubwa cha plastiki, akaambiwa asikanyage barafu mpaka apewe ruhusa, kwa sababu mguu huo ukivunjika tena pale pale atachechemea mpaka uzeeni. Mashindano ya kutetea ubingwa yalikuwa mwishoni mwa baridi. Kocha alimwambia jina lake bado limo kwenye orodha, aamue mwenyewe.

Na Gaudiose alikuwa na uamuzi wake.

Hapa inafaa kusema Gaudiose alikuwa nani kwa wanawake wa pale. Kwa watu wa Bujumbura na Uvira, mwanamke akijifungua lazima akandwe kwa maji ya moto, na La Rochelle nzima aliyeitwa kukanda ni Gaudiose. Orpha alipotoka hospitali na Gaël hakuweza kunyoosha mgongo, na mama yake mzazi alikuwa mbali. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, Gaudiose aliingia na sufuria inayofuka, akachovya taulo, akamkandamiza tumbo na kiuno mpaka Orpha akamtukana. "Piga kelele, mwanangu," alikuwa akisema, "piga, maumivu yatoke." Wakati mwenzake analia yeye anaimba pambio. Na kweli, siku ikafika Orpha akasimama wima, akafua nguo zake mwenyewe. Tangu hapo mikono ile kwake ilikuwa kitu cha kuheshimiwa, hata mumewe alijua.

Sasa mikono hiyohiyo ilikuwa juu ya kifundo cha Yolande kila jioni. "Daktari ameunga mfupa, sikatai," Gaudiose alimweleza Orpha bombani. "Lakini damu iliyolala ndani ataiondoa nani? Wao wakishafunga wanakwambia tulia. Mguu ukitulia unasinzia, ukisinzia umekufa. Mimi nitauamsha. Mwanangu ataenda kwenye mashindano yake."

"Na yeye anasemaje, mama?"

"Yeye ndiye anayeniambia nikaze."

Jumamosi Yolande alikuja kusukwa. Akakaa kwenye mkeka katikati ya magoti ya Orpha, akavua kile kiatu cha plastiki apate kunyoosha mguu. Orpha akagawa nywele, akaanza mstari wa kwanza, kisha macho yakamtelemka yenyewe.

Kifundo kilikuwa kimejaa, hakina umbo. Ngozi inang'aa, imebabuka mahali taulo lilipokaa mno, na kwenye mshono palikuwa na kijitundu chenye majimaji.

"Mbona umeacha, dada Orpha?"

"Kitana kimekwama."

"Hakijakwama."

Orpha akaendelea kusuka. Kupitia ngozi ya kichwa alihisi mtoto wa watu anatetemeka, na haikuwa baridi, maana jua la saa sita lilikuwa limejaa mlangoni.

"Huko nje wanasema nini juu yangu?" Yolande akauliza. "Usinifiche. Mimi nasikia Kiswahili chote, wao wanafikiri sisikii kwa sababu najibu Kizungu."

"Zabibu anasema utakatwa."

Yolande akacheka, ila shingo yake ilibaki ngumu kama mti. "Eish, Zabibu. Hata mimi naota hivyo." Akauvuta mguu karibu. "Jumatatu mama akienda kazini, mimi naenda barafuni kujaribu. Nina ufunguo wa kabati langu kule. Twende pamoja."

"Daktari amekuruhusu?"

Yolande akachezea uzi wa mkeka.

"Kocha je?"

"Kocha anasema niamue. Daktari anasema bado. Mama anasema tayari. Wewe unasema nini?"

"Mimi nasema inamisha kichwa."

Lakini Jumatatu Orpha alikwenda naye. Alikuwa amejigeuzageuza kitandani akifikiri: Yolande akienda peke yake na akaanguka, nani atamwinua? Akamfunga Gaël mgongoni kwa kitenge, juu yake blanketi, juu yake tena shali. Ndani ya taksi Yolande hakusema neno. Kila robot, taa ya barabarani, ilipowaka nyekundu Orpha alishukuru kimoyomoyo, na alitamani zote ziwake nyekundu mpaka jioni.

Hakuwa amewahi kuona barafu kubwa kuliko ile ya kwenye friji. Hii ilikuwa uwanja mzima, mweupe, na baridi yake ilipanda kutoka miguuni. Watu walikuwa wachache, watoto fulani na mwalimu wao upande wa mbali. Orpha akakaa kwenye benchi akamtazama Yolande akivaa.

Mguu ulikataa kuingia kwenye kiatu. Yolande akalegeza kamba zote, akasukuma, akauma midomo, akasukuma tena. Machozi yakamdondoka bila sauti, akayafuta kwa bega na kuendelea kusukuma mpaka ukaingia. Orpha alifumba macho. Alipofumbua, binti hayupo kwenye benchi.

Alikuwa huko katikati, na alikuwa hachechemei. Hilo ndilo Orpha hakulitegemea. Uani alikuwa akienda bombani anashika ukuta, na hapa alikuwa akipita kama kitambaa kinachovutwa juu ya meza, anarudi kinyumenyume, anageuka, mikono imefunguka. Chuma kikilia kwenye barafu kilitoa sauti ya mkasi mkali. Kwa kitambo Orpha akasahau alikuja kwa nini. Akajikuta anatabasamu na kumgeuza mtoto upande apate kuona naye.

Kisha Yolande akachukua mwendo wa kuruka.

Orpha hakuthubutu kutazama miguu. Akamtazama usoni. Uso ulikuwa umekunjika, macho yanatafuta mahali pa kukimbilia, na alipofika pa kuruka hakuruka, akapitiliza. Akazunguka, akaja tena. Uso uleule, akapitiliza tena. Watoto wa upande ule walikuwa wameacha kucheza wanamtazama, bila shaka walimjua. Safari nyingine akaja mwendo mkali zaidi, na mara hii uso ulikuwa umetulia kabisa, kama wa mtu anayesikiliza wimbo. Akaruka. Akazunguka hewani, Orpha akashika mdomo kwa furaha. Akatua, na mguu ukakunjika chini yake kama kitu kisicho na mwenyewe.

Hakuanguka kabisa. Alijidaka kwa mikono, akabaki ameinama juu ya barafu, akijitazama. Orpha alikuwa amesimama. Hakujua aite nani wala aite kwa lugha gani. Yolande akajiinua polepole, akajisukuma kwa mguu mmoja mpaka kwenye kizuizi.

"Umevunjika?"

"Hapana. Sijui. Hapana." Alikuwa akihema. "Umeniona?"

"Nimekuona."

"Basi niambie ukweli. Ni mguu uliokataa, au ni mimi nimeogopa? Kama ni woga nitaushinda, dada, nilishaushinda zamani, kila siku unaushinda. Lakini nikiwa ndani yake siwezi kujua. Nalala nikijiuliza, naamka nikijiuliza. Kila mtu mwingine ana lake analolitaka kwangu. Wewe huna."

Orpha alitamani kudanganya. Lakini lipi lingekuwa la huruma? Hata hilo hakulijua. Akisema woga, mtoto atarudi pale katikati aruke tena, sasa hivi, mbele yake. Akisema mguu, amemnyang'anya kitu alichokuwa nacho tangu utotoni.

"Mara za kwanza uliogopa," akasema mwishoni. "Nilikuona. Mara ya mwisho hukuogopa hata kidogo. Ulikuwa mzuri, mpaka nimefurahi. Ni mguu uliokuacha."

Yolande akainamisha paji la uso kwenye kizuizi.

"Tena hauponi," Orpha akaendelea, na hapa akapunguza sauti, kwa sababu sasa alikuwa anagusa mtu mwingine. "Kila siku umevimba kuliko jana. Yale maji ya moto..."

"Sema."

"Mama yako alinikanda mimi nikasimama. Hilo nitalisema mpaka nife. Lakini mimi sikuwa na vyuma ndani."

Yolande alikaa kwenye benchi, akafungua kamba. Soksi ilitoka imelowa, na pale kwenye mshono ilikuwa na doa la rangi ya chai. Wote wawili wakalitazama. Gaël akaamka, akaanza kunung'unika, Orpha akamtoa mgongoni akampa titi.

"Mwaka huu siendi," Yolande akasema.

Alisema kwa Kiswahili, halafu akarudia kwa Kizungu, polepole, kama anayejaribu kuona katika lugha gani linauma kidogo. Meno yalikuwa yakigongana. "Nitampigia kocha simu leo. Kesho narudi kwa daktari anisafishe hapa. Na yeye akiniambia hata mwaka ujao haupo?" Akatikisa kichwa, hilo hakutaka kulifikia. "Tatizo la kwanza ni mama. Atasema nimeidharau mikono yake. Kanisa zima ameliambia ataniponya yeye."

"Utaongea naye taratibu."

"Huwezi kuongea naye taratibu, unamjua. Ataniambia kaa, nitakaa. Ataniambia leta mguu, nitaleta, na midomo yangu itasema kaza, mama, kama kila siku. Sijui kwa nini nasema hivyo. Naona anavyofurahi."

Orpha akamtazama binti huyu ambaye kanisa zima lilimpigia vigelegele, amejikunyata kwenye benchi na mguu mmoja mtupu. Akataka kumwambia atakwenda kumsemea yeye. Lakini alipofikiria uso wa Gaudiose ukimgeukia mlangoni, akaghairi.

Yolande akanyoosha mkono, akamgusa Gaël kisogoni.

"Nitasema mwenyewe, dada Orpha. Wewe nakuomba kitu kimoja tu. Jioni ukimsikia mama anabandika maji, njoo na mtoto. Usisubiri kuitwa. Kabla sijafungua mdomo, mwekee Gaël mapajani, ampakate. Mama akikaa mikono mitupu, mikono hiyo itautafuta mguu wangu, na ikishaushika, mimi siwezi tena kusema hapana."