Dawa Mbili za Meno za Mama Uzi

"Shoga, hivi maji baridi yamekukosea nini?"

Aliyeuliza ni jirani wa mlango wa pili, mchana wa jua kali, baada ya kumletea Mama Uzi bilauri ya maji yaliyotoka kwenye friji, bilauri yenyewe inatoka jasho. Mama Uzi aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka pembeni ya cherehani. Ikakaa hapo. Maji yalipokuwa vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto ndipo alipoyanywa, kwa upande mmoja wa mdomo, jicho moja kalifumba.

"Hayajanikosea," alisema. "Ni jino tu."

Lilikuwa jino la mbele, la juu, na ncha yake ilikuwa na kijipengo chembamba kama tundu la sindano lililokatwa nusu. Halikuvunjwa na mtu wala halikugonga jiwe. Uzi ndio uliolila. Mama Uzi alifundishwa kushona na shangazi yake akiwa msichana, na shangazi hakuwa mtu wa kupoteza muda. "Mkasi mpaka uutafute," alikuwa akimwambia. "Meno unayo kinywani." Basi kila pindo, kila kifungo, kila zipu ilimaliziwa kwa jino, kwap! Miaka thelathini na minne ya sare za shule, mapazia na magauni ya maharusi. Wateja wakamwita Mama Uzi kabla hata hajazaa, na alipozaa, jina la mtoto likakuta nafasi imeshachukuliwa.

Jirani alikuwa na dawa za kila namna. Leo chumvi, kesho karafuu, keshokutwa mkaa uliotwangwa. Siku ya mkaa Mama Uzi alitokea uani na mdomo mweusi kama aliyelamba sufuria, na jirani akacheka hadi akakaa chini. Ganzi ikazidi.

"Basi ling'oe, uweke la bandia, tupumzike!"

"Jino la pembe si dawa ya pengo, shoga yangu. Niache na langu, Mungu hakunipa kwa makosa."

Lakini lililomsumbua zaidi halikuwa jino. Lilikuwa kopo, au tuseme tyubu, ya dawa ya meno aliyoletewa na mumewe kila mwisho wa mwezi.

Mumewe alikuwa fundi rangi, na kwake kitu kilikuwa safi pale tu kilipokuwa cheupe. Hakuwa mtu wa zawadi. Vitambaa hakuvijua, manukato yalimpigisha chafya. Zawadi yake ilikuwa moja: dawa ya meno ya kung'arisha, yenye picha ya mwanamke anayecheka, meno yakiwaka kama taa za gari. Tena alikuwa na sababu. Zamani, kijana bado, alipeleka suruali ipunguzwe kwa yule shangazi, akamkuta msichana kwenye cherehani, msichana akacheka. Kesho yake alirudi na suruali nyingine, ambayo haikuwa ndefu hata kidogo, akaomba nayo ipunguzwe. Ikaishia juu ya vifundo vya miguu, akaivaa hivyo hivyo mwaka mzima.

"Meno yako ndiyo yaliyonifupishia suruali," humwambia mpaka leo, akimkabidhi lile boksi.

Sasa mume kama huyo, utamwambia vipi kwamba zawadi yake inakuumiza? Maana tangu alipoanza kuitumia, Mama Uzi alikuwa akipiga mswaki machozi yanamlengalenga. Alidhani ndiyo kazi yake, kwamba dawa isiyouma haisafishi. Akasugua kwa nguvu zaidi.

Hatimaye alikwenda kwa daktari wa meno, binti wa umri wa kitinda mimba wake. Binti alimulika taa, akatazama kidogo, akatabasamu.

"Mama ni fundi cherehani."

"Nani kakuambia?"

"Jino lenyewe."

Mama Uzi akajaribu kucheka, mdomo ukiwa wazi, ikatoka sauti kama ya kukoroma. Daktari akamweleza taratibu, kama mtu anayemsomea barua. Ngozi ngumu ya nje ya jino imelika, ndiyo maana baridi inapenya hadi ndani kwenye uhai wake. Halafu akauliza anatumia dawa gani ya meno. Aliposikia, akatikisa kichwa.

"Hiyo ina chembechembe za kukwangua madoa, mama. Mwenye meno mazima anaweza kuivumilia. Hili lako ni kama kukwangua kidonda. Usitazame picha, wala usihesabu povu. Tafuta iliyoandikwa kwamba ni ya meno yenye ganzi, na uhakikishe ina floridi. Ukubwa wa punje ya harage unatosha. Asubuhi na jioni, kwa mswaki laini, bila kukamia. Ukimaliza tema, usisukutue kwa maji mengi, iache dawa ifanye kazi. Tena uwe na subira, si kidonge cha kichwa hiki. Na uzi, mama…"

"Najua, mwanangu. Mkasi."

Akafunga mkasi mdogo kwa kamba, akauning'iniza shingoni. Siku za mwanzo kichwa kiliinama chenyewe kwenye kitambaa, midomo imeshafunguka, ndipo anakumbuka. Polepole akazoea.

Dawa mpya akainunua. Akaificha kwenye boksi la vifungo.

Hapo ndipo alipokosea, na alikosea kwa mapenzi. Mumewe akiwa uani ananawa, yeye alipiga mswaki kwa ile ya kung'arisha, ili mume aone zawadi yake inatumika. Mume akitoka, alirudi ndani akapiga tena kwa ile ya kwenye vifungo. Mara mbili asubuhi, mara mbili jioni. Jino likateseka maradufu. Na jambo jingine likamuuma kuliko jino: alipopiga magoti kusali, maneno yalikuwa yakimkwama. Hakuwa na mazoea ya kumficha mumewe kitu, hata sindano.

Mwezi ulipokwisha alirudi kwa daktari.

"Haijapungua hata kidogo?" Daktari alishangaa. "Unatumia ile peke yake?"

Mama Uzi akatazama viatu vyake.

"Hapana, mwanangu. Natumia mbili. Moja ya jino, moja ya mume."

Binti alicheka hadi akavua miwani. Kisha akamshika bega. "Mama, mimi natibu meno tu. Hiyo ya pili utaitibu wewe."

Jumamosi ile mume alirudi mapema, rangi imemganda kwenye nyusi. Akaweka boksi jipya juu ya kitambaa kilichokuwa kikishonwa.

"Haya, bibi harusi. Safari hii nimechukua kubwa."

Mama Uzi akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Baba, keti kwanza."

"Kuna nini? Cherehani imekufa?"

"Nikuulize kitu cha kazi yako. Ukuta uliochakaa, plasta imebaki nyembamba kama karatasi, utaupiga msasa?"

"Mwendawazimu gani huyo? Si utatokea upande wa pili!"

"Basi ukuta huo ni jino langu."

Akafungua mdomo. Mume akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga wa dirisha, kama anavyokagua nyufa. Miaka yote aliyatazama meno yale kwa mbali, yakicheka. Sasa aliona kijipengo, akaona na ule umanjano ulioanza kuchungulia pale ngozi ya jino ilipokwisha.

"Kumbe mimi kila mwezi nakuletea msasa," alisema.

"Hukujua. Na mimi sikusema."

"Kwa nini hukusema, mke wangu?"

"Ulikuwa unaileta kwa furaha."

Akamweleza yote, vifungo na vyote, mpaka ile kupiga mswaki mara mbili. Mume alitaka kucheka, kicheko kikagoma. Alilichukua boksi lake, akaligeuza huku na huku, akalitia mfukoni. Akaanza kubandua rangi iliyokauka kwenye vidole, kipande kimoja kimoja, bila kumtazama.

"Sasa mimi nitakuwa nakuletea nini?" aliuliza.

Mama Uzi aliushika ule mkono wenye rangi, akaukalisha kwenye mapaja yake.

"Niletee ya meno yenye ganzi, na mswaki laini. Lakini uniletee wewe mwenyewe."