Vidonge Nilivyovitema

Ndugu zangu, naomba mlango ule ubaki wazi. Bado napenda kumwona anayeingia. Mapafu yamepona; hilo lingine linakwenda polepole, mtanivumilia.

Kabla ya Toronto nilikuwa kapteni jeshini, mashariki mwa Kongo, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Niliingia nikiamini tunalinda watu. Kambini nikajionea mengine. Askari wetu walilala chini ya maturubai yanayovuja, wakikohoa mpaka wanazikwa, na dawa zao kumbe komanda anaziuza sokoni. Nilizikuta kwa macho yangu kwenye meza ya mchuuzi, zina muhuri wa jeshi letu. Rafiki yangu, luteni, aliuliza swali moja tu juu ya dawa hizo. Jioni komanda akamwita wanywe chai. Asubuhi tulimzika. Tangu hapo sikutia kitu mdomoni mpaka askari wangu aonje kwanza. Mwishowe nilivua magwanda, nikakimbia na mke wangu, Furaha.

Tukafikia Crescent Town, mtaa wa hapa Toronto, mimi nikapata kazi ya kukata kuku kiwandani. Lakini kambi nilikuja nayo. Furaha akinipa chai, namwambia aonje kwanza.

"Jamani, baba Neema!" alikuwa akisema. "Nimekuzalia mtoto, leo nikuue kwa chai?"

Lakini alionja, maskini.

Kikohozi kilipoanza nikasingizia baridi ya kiwandani. Likaja jasho la usiku, shuka unaikamua. Suruali zikawa zinanidondoka. Siku niliyotema damu kwenye sinki, Furaha hakuniuliza kitu, aliita gari la wagonjwa. Daktari akasema ni kifua kikuu. "Kinapona kabisa," alisema, "ila usikatize dawa."

Basi muuguzi akawa anakuja nyumbani kila asubuhi kunitazama nikimeza. Hebu fikirini! Mtu anapanda basi kwenye theluji ili ahakikishe umemeza? Nikasema moyoni, hapa pana jambo. Siku ya kwanza alikuja na mkalimani, Elia. Elia alipofungua mdomo tu nikaitambua lafudhi: ya milima ile waliyokaa waasi waliotupiga mabomu. Nikamfungia mlango usoni. Nikamwambia muuguzi Kiingereza changu kinatosha. Kilitosha wapi! Alieleza, mimi nikaitikia kwa kichwa.

Kesho yake nakojoa, mkojo mwekundu! Jasho nalo likapaka shati rangi. Nikasema, haya, chai ya komanda imenifuata mpaka Kanada. Kuanzia hapo nikawa nabana vidonge shavuni, muuguzi akiondoka navitema chooni. Damu ikarudi kifuani. Nikabaki mbavu tupu, kupanda kitandani nahema.

Kisha Neema, binti yetu wa miaka sita, akapimwa. Hakuwa akiumwa bado, lakini vijidudu vilikuwa vimeshamwingia. Muuguzi akamletea dawa yake. Ilikuwa ileile iliyonigeuza mkojo kuwa mwekundu.

Furaha akasimama mbele yangu ameishika. "Unafikiri sijaona unavyotema? Kuna kitu unakijua. Sema leo, nimpe mtoto au nisimpe?"

Kama ni sumu, namuua mwanangu. Kama si sumu, basi mimi ndiye niliyemwambukiza, na bado namkoholea kila siku. Wallahi, vitani sikuwahi kuogopa hivyo.

"Mwiteni yule mtu wa milimani," nikasema.

Elia alikuja, akaketi, Furaha akamweleza nilikuwa kapteni, naye akanitazama.

"Kapteni, siku ile ndicho nilichokuja kukuambia, ukanifukuza. Dawa hii inatia rangi mkojo, jasho, hata machozi. Haidhuru kitu. Mimi mwenyewe niliimeza."

"Uliimeza wapi?"

"Huko huko, nikiwa na waasi. Tulizinunua sokoni. Zilikuwa na muhuri wa jeshi lenu."

Habari ya muhuri sikuwahi kumwambia mtu, hata Furaha. Dawa waliyonyimwa askari wangu ndiyo iliyomponya huyu, na sasa amekuja kumwokoa mtoto wangu. Nililia mbele yake bila aibu.

Asubuhi yake Neema alikishika kidonge chake akinikodolea macho. Nikameza vyangu kwanza, nikapanua mdomo. Akaniinamia kama alivyokuwa akimwona muuguzi akifanya, akaniamuru kwa Kiingereza chake ninyanyue ulimi. Akakagua mpaka akaridhika, ndipo akameza chake.

Daktari nilimweleza yote. Tulianza dawa upya, safari ndefu kuliko ya kwanza, lakini leo napanda ngazi bila kuhema, na Neema hakuugua.

Namshukuru Mungu, namshukuru Furaha, na yule muuguzi wa theluji. Wewe unayekohoa ukijificha, nenda kapime. Ukiletewa mkalimani, msikilize kwanza, habari za kwao utamuuliza ukishapona.

Naona chai imeletwa pale nyuma, na aliyeipika ni Elia. Nileteeni kikombe changu. Na asionje mtu.