Limau Juu ya Hati ya Malka

Siku yangu ya kwanza katika masjala ya Garsen, mwishoni mwa miaka ya tisini, Karani Mkuu alinikabidhi ufunguo na brashi laini. Mafuriko yalikuwa yamepungua, lakini majalada bado yalinuka tope la Mto Tana. Nilitoka Bangale, ambako adui wa karatasi ni vumbi na mchwa. Hapa adui alikuwa maji. Karani Mkuu alinifundisha kukausha kurasa kivulini, mojamoja, zikilala juu ya karatasi ya kufyonzea wino.

"Usiiharakishe karatasi," alisema. "Imekutangulia duniani."

Wiki hiyo wakaja Mzee Komora, mkulima wa Ngao, na Mzee Barisa, mfugaji. Mto ulikuwa umehama, nao wakagombania malka, njia ya ng'ombe kushukia majini kati ya mashamba. Baba zao walipatana kwa hati, nayo tulikuwa nayo sisi.

"Tusomee, mwanangu," alisema Komora, "kabla ng'ombe wa huyu hawajamaliza mahindi yangu."

"Mahindi gani? Mto umeshakula," akajibu Barisa.

Walicheka, ila kila mmoja alikaza mkono kwenye fimbo yake.

Mistari ya mwisho ilikuwa imefifia. Nikawaomba warudi kesho. Siku chache nyuma, katika banda la video pale sokoni, nilimwona shujaa wa filamu akikamulia limau karatasi kuukuu, akaipitisha juu ya moto, na ramani ya dhahabu ikajitokeza. Basi Karani Mkuu alipokwenda kuswali adhuhuri, nikaikamulia hati limau, nikaipasha kwenye jiko la chai. Hakuna kilichojitokeza. Hata yaliyosomeka yakaanza kupauka, neno baada ya neno, mpaka sahihi.

Karani Mkuu aliporudi nikamweleza habari ya filamu, naye hakupaza sauti. "Aliyechora ramani ya filamu aliichora kwa limau, ndiyo maana moto ukaifichua. Wino huu wa kale una chuma, limau huula. Tena hawa hawakuficha kitu. Waliandika ili wasomwe! Ungeiinamisha tu dirishani, mwanga wa ubavuni ukuonyeshe mikwaruzo ya kalamu, ambayo sasa imelowa na kufutika. Kesho utawaambia mwenyewe."

Niliwaambia. Kisha Barisa akasema, "Malka naijua. Baba alinipitisha kila kiangazi." Wakaikariri pamoja, wakabishania upana, wakakubaliana: ng'ombe watano sambamba. Nikaandika hati mpya, nakala tatu.

Komora alitia sahihi, akaomba ile ya zamani iliyopauka. Akapapasa sehemu yake ya chini kwa kidole.

"Baba aliandika jina lake mara moja tu maishani," alisema. "Lilikuwa hapa."

Nilitumika masjalani humo hadi nikastaafu. Katika miaka yote hiyo sikufungua jalada lenye ramani ya dhahabu. Siku ya mwisho nilimwonyesha karani aliyenirithi hati ile. Aliipeleka dirishani, akaiinamisha kama nilivyomfundisha.

"Sioni kitu, mzee."

"Palikuwa na jina la mtu," nikamwambia, nikampa ufunguo.