Reli ya Tatu

Chumba cha mjomba wangu kiko juu ya paa, kimepakana na chumba cha mashine ya lifti. Mtu akiita lifti huko chini, vikombe vya mjomba hutetemeka kwenye rafu, naye, hata akiwa katikati ya sentensi, huinua kidole na kusikiliza.

"Ya tano," husema. "Yule mama na mbwa wake."

Halafu huendelea na sentensi pale alipoiachia.

Yeye ndiye fundi wa jengo. Mabomba ni yake, taa ni zake, takataka ni zake, lakini hasa lifti, ambayo ni nzee kuliko wapangaji wote na ina tabia ya kukwama. Ikikwama, aliyemo ndani hubonyeza kitufe, kengele ikalia chumbani kwa mjomba, naye akachukua ufunguo wa chumba cha mashine na kwenda kumtoa. Mwenye jengo hataki kuajiri mtu wa pili. Kwa hiyo mjomba haendi mbali. Katika nchi ile ya watu anajua duka la mkate, duka la misumari na kinyozi, vyote upande mmoja wa barabara, na akienda huko hutembea kama mtu aliyeacha chungu motoni.

Kila Jumamosi nilitoka bweni la chuo nikaenda kwake na vitabu vyangu. Mimi nilisoma kitandani, yeye alifanya kazi mezani, na tulielewana vizuri kwa sababu hakuna aliyemlazimisha mwenzake kuzungumza.

Kati ya kitanda na dirisha kulikuwa na ubao mrefu, juu ya ubao reli, na juu ya reli kichwa cha treni chenye urefu wa mkono wangu. Si cha dukani. Kila gurudumu alilikereza mwenyewe, kila kipande cha shaba alikipiga tupa na kukilehemu, mpaka vifuniko vya grisi vidogo kama mbegu za mchicha. Kule kwetu alikuwa fundi katika karakana ya reli tangu ujana wake hadi siku karakana ilipofungwa. Kichwa chenyewe alichokiiga, kile kikubwa cha mvuke, kilikatwakatwa kikauzwa kama chuma chakavu, naye akaja huku kutafuta kazi. Vipimo vyote alikuja navyo kichwani.

Alipobonyeza swichi, kile kichwa kiliondoka kitandani taratibu, vyuma vya pembeni vikipanda na kushuka kama viwiko vya mama anayesonga ugali, kikafika dirishani, kikasimama. Kisha kikarudi kinyumenyume. Chumba hakikuwa na nafasi ya kona. Nilikitazama kikienda na kurudi hadi siku moja nikajikuta nimemtazama yeye badala yake, na nikarudisha macho kitabuni haraka.

Mke wake, mkaza mjomba wangu, alibaki kule kwetu. Alipopiga simu, salamu ilikuwa ileile.

"Mke mwenzangu hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu."

"Ameshavaa?"

"Bado bomba la moshi na ngazi ya dereva."

"Huyo mwanamke havai akamaliza."

Walicheka wote wawili, lakini nyuma ya mzaha kulikuwa na ahadi. Mjomba alimwambia tangu mwanzo kwamba siku kichwa kitakapozunguka duara moja zima, kona kwa kona, bila kuanguka, siku hiyo anafunga mizigo anarudi nyumbani. Kwa nini aliahidi hivyo, sijui. Nadhani wakati ule ilionekana karibu.

Bomba la moshi likaisha, na ngazi ya dereva ikaisha. Ikabaki kutafuta duara.

Duara lilikuwepo. Mitaa miwili kutoka hapo kulikuwa na chama cha watu wanaotengeneza treni ndogo, wazee wengi wao, wenye ukumbi na reli ndefu iliyozunguka ukumbi mzima, na vilima na daraja. Mjomba alikipeleka kichwa chake siku moja, amekivika taulo kama mtoto. Walikizunguka wakiinama kukitazama. Kisha wakakiweka relini, na hakikukaa. Magurudumu yaliangukia katikati.

Hapo ndipo kosa lake lilipojulikana, kama ni kosa. Reli za kule kwetu ni nyembamba. Njia za nchi ile ni pana, na chama kilifuata upana wa kwao. Mtu mwingine angeuliza kwanza upana wa reli atakayopita, ndipo akereze ekseli, vile vyuma vinavyounganisha magurudumu. Mjomba alikereza kwa upana wa nyumbani, uliopunguzwa sawasawa, bila hata unywele kuzidi, kwa sababu upana mwingine haukumjia akilini.

"Rahisi tu," alisema mwenyekiti wa chama, mtu wa masharubu. "Toa ekseli, weka ndefu zaidi. Nani atajua?"

"Mimi," alisema mjomba.

"Ni reli tu, bwana."

"Pete ikikubana unakata pete au unakata kidole?"

Akakivika taulo lake, akarudi nacho paani. Kwa hiyo nyumbani kichwa kina reli zake lakini zimeng'olewa, nyasi zimeota juu ya mataruma, zile mbao zilizolalia reli. Na huku reli zipo, lakini si zake. Kikabaki na ubao, kitanda na dirisha.

Nilikuwa nikimhurumia. Hadi alipokuja Mzee Saa.

Huyu alikuwa fundi saa mstaafu, mwanachama wa kile chama, mwenye macho yaliyozoea vitu vidogo na masikio yaliyochoka. Alipanda Jumamosi moja, akakaa kwenye kigoda, akahema, kisha akatoa mfukoni kipande cha njia ya reli. Kilikuwa na reli tatu badala ya mbili. Mbili za pembeni zilikuwa za kwao. Ya tatu ilikaa ndani, karibu na moja ya zile nyingine, na kati yake na ile ya mbali upana ulikuwa wa kwetu.

"Nimeitandika ukumbi mzima," alisema Mzee Saa. "Miezi yote ya baridi. Mwenyekiti alinung'unika, nikamwambia sisikii. Jumamosi ijayo ni siku ya wageni. Kilete."

Nilimwangalia mjomba nikitegemea tabasamu. Alikishika kile kipande, akapima kwa jicho, akapima kwa rula. Hakukuwa na kasoro. Akakipima tena.

"Umefanya kazi kubwa," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa kesi yake imesikilizwa na hukumu ni kesho.

Wiki ile, kila nilipompigia simu, alikuwa na sababu nyingine. Rangi haijakauka vizuri. Breki ya nyuma inagusa. Nani atawatoa watu lifti ikikwama? Mguso wa umeme wa mlango wa ghorofa ya tatu, ambao usipogusana vizuri lifti husimama, una kutu, ilibidi ausafishe, na hakuusafisha. Mkaza mjomba aliponipigia mimi bwenini, bila kufikiri nikamwambia kuhusu reli ya tatu.

"Jumamosi?" aliuliza.

"Jumamosi."

"Haya. Usimwambie kwamba najua."

Jumamosi ilipofika mjomba alivaa shati la pasi. Kichwa alikilaza ndani ya sanduku la mbao, amekizungushia soksi zake za sufu. Mzee Saa alikuwa chini na gari. Lifti ilianzia ghorofa ya nane, chini ya ngazi fupi ya paani.

"Tangulia kwa ngazi ukashike mlango wa chini," aliniambia. "Lifti hii mtu na sanduku wanatosha."

Nilikuwa nimefika ya nne niliposikia mlio ninaoujua: kishindo, kamba kulegea, kimya. Kisha juu kabisa, mbali, kengele ikalia. Ililia chumbani kwake mwenyewe, kwenye kitanda kitupu, na vikombe, na ubao usio na kitu.

Iliacha. Nadhani alikumbuka.

Mlango wa nje wa ghorofa ya nne ulifunguka nilipouvuta, yeye alikuwa ameshaachia kitasa kwa ndani. Lifti ilikuwa imeshuka yote isipokuwa nafasi ya kiganja juu. Nikalala kifudifudi sakafuni. Kupitia ule mwanya niliona utosi wake, kisha macho yake.

"Kinyozi hajinyoi," alisema.

"Mjomba, umeumia?"

"Sijaumia. Ni mguso wa ya tatu. Niliujua."

"Nipe ufunguo wa mashine. Niambie la kufanya."

Ufunguo ulikuwa mkononi mwake, niliuona. Ungepita kwenye mwanya bila shida. Aliutazama, akautia mfukoni, akakaa sakafuni na sanduku mapajani.

"Acha kwanza," alisema. "Tupumzike."

Mzee Saa alipanda ngazi, akafika akitweta, akauliza kama tumwite mtu. Nikamwambia wa kuitwa ndiye yumo ndani. Akacheka, kisha akaona sicheki, akakaa kwenye ngazi. Tulikaa hivyo watatu, kila mmoja kwenye kimo chake. Mama wa mbwa alipita akisema lifti hii ni aibu, na fundi yuko wapi siku zote anapohitajika.

"Nipo, mama," ilisema sauti kutoka chini ya sakafu, na yule mama akaharakisha.

Ndipo simu yangu ikalia. Nilijua ni nani kabla sijatazama.

"Kimezunguka?" aliuliza mkaza mjomba.

Niliipitisha simu kwenye mwanya kadiri mkono ulivyofika, nikaiwekea spika.

"Baba watoto," simu ilisema. "Uko wapi?"

"Niko njiani."

"Njiani wapi?"

"Ghorofa ya tatu na nusu."

"Umekwama?"

"Nimekwama."

"Na ufunguo anao nani?"

Mjomba aligusa mfuko wake. Mkaza mjomba hajawahi kuiona lifti ile, lakini mume wake anamjua.

"Ninao," alisema mjomba baadaye.

"Nilifikiri hivyo. Sasa nisikilize, mume wangu, maana simu hii haitembei bure. Mlango wa nyuma wa nyumba umekwama tangu mvua za mwaka juzi. Naingia kwa mbele, natoka kwa mbele, kama mgeni. Jirani ananiambia ita fundi. Nimemwambia siiti fundi na mume fundi ninaye."

"Mlango wa mbao unavimba. Ungepigwa randa tu."

"Najua unapigwa randa. Nimekuambia nauliza?"

Mjomba alipapasa mfuniko wa sanduku. "Reli huko zimeng'olewa zote," alisema. "Stesheni wameweka bohari ya saruji. Nikirudi nitakuwa nani?"

"Utakuwa mtu wa mlango wa nyuma. Mimi sikuolewa na stesheni."

Mzee Saa, ambaye hakuelewa neno, aliniuliza kwa macho. Nikatikisa kichwa.

"Na huyo mke mwenzangu mlete," simu iliendelea. "Nimeshampangia chumba. Lakini usiniambie tena unamsubiri avae."

Simu ikakatika. Nilingoja, shavu langu sakafuni, na baridi ya shimo la lifti ikinipiga usoni. Kisha vidole vyake vikatokea kwenye mwanya na ufunguo.

"Ukifika, kwanza zima ile swichi kubwa nyekundu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kazini. "Usiguse kingine kabla ya hiyo. Mzee ashike wenzo wa breki, auinue kwa mkono mmoja tu na asiuachie mpaka niseme. Wewe gurudumu. Mtanisikia kupitia matundu ya kamba."

Tulipanda. Mzee Saa alipumzika kila ghorofa. Chumba cha mashine kilinuka mafuta, na kwa upande wa pili wa ukuta nilijua kuna kitanda na kitabu changu kilicho wazi. Nilizima swichi nyekundu. Mzee Saa akashika wenzo. Gurudumu lilikuwa la chuma, pana kama usukani wa lori, na chini yake, katika matundu ambamo kamba zilishuka, kulikuwa na giza tupu.

"Mjomba," niliita kwenye tundu. "Niko tayari. Nizungushe juu au chini?"

"Sikiliza vizuri," sauti yake ilipanda, nyembamba. "Upande wa pili wa kamba kuna vyuma vizito kuliko lifti na mimi ndani yake. Breki ikiinuka, lifti yenyewe inataka kupanda. Juu hutatumia nguvu, unaishikilia tu isikimbie. Nitafika ya nne. Nitatoka nirudi chumbani."

"Na chini?"

"Chini utatoka jasho. Utakuwa unapigana na vile vyuma hatua kwa hatua."

"Basi unataka wapi?"

Kamba zilitetemeka kidogo. Alikuwa amesimama. Nilisikia sanduku likiinuliwa, na ndani yake vyuma vidogo vikagongana ndani ya soksi.

Mzee Saa alikuwa akinitazama, mkono wake tayari kwenye breki, mishipa imemtoka. Kwa mbali kengele ya mlango wa jirani ililia ikaacha.

"Mjomba?"

"Chini," alisema. "Polepole."

Nikavua koti, nikashika gurudumu kwa mikono miwili. Mzee Saa akainua breki. Mara moja nilihisi lifti nzima ikinivuta kwenda juu, kama ng'ombe anayejua njia ya zizini, nikaweka mguu ukutani, ukuta wa chumba chake, nikaanza kuvuta.