Nikigeuka Utajuta

"Mimba imemkataa mumewe." Ndivyo alivyosema jirani yangu mwaka ule, kila aliponikuta kibarazani na beseni langu la kutapikia, na mume wangu kakaa upande wa pili wa ua kwa sababu harufu yake sikuitaka. "Usijali shoga, ukijifungua kitaisha. Mimi wangu wa pili alimkataa baba'ke mpaka viatu vyake nikavitupa nje." Nilimwitikia tu, maana sikuwa na nguvu ya kumweleza kwamba mtoto wa watu hana kosa. Kilichonichefua mimi ni katuni.

Tulianza vizuri, sitasema uongo. Mume wangu ni mwandishi wa mabango hapa Kibiti. Ukimwona kuku anayetabasamu kwenye ukuta wa mgahawa, kama vile kukaangwa ni sherehe, ujue ni mkono wake. Mimi kazi yangu ni mdomo. Kwetu Maparoni wanasema nilizaliwa naongea. Siku moja alinunua simu ya mtumba inayochoreka kwa kalamu, kioo kimepasuka pembeni, akamchora bibi yangu mzaa mama kakaa mkekani anamkaripia kuku. Akaniuliza, "Hapa anasema nini?" Nikamwambia aandike: "Ringa tu. Mwenzio aliyeringa jana nimemla na ugali."

Tukaituma kwenye magrupu, tukalala. Kesho yake mtu wa Ruaruke asiyejua lolote akamrudishia mume wangu picha ileile: "Kaka, umeiona hii?" Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Tukafungua ukurasa, na kila Ijumaa baada ya swala tukawa tunaweka kipande kipya.

Bibi mwenyewe alitoa ruhusa. Kwetu bibi wa mkeo ni mtani wako. Tangu siku ya harusi anamwita mume wangu "mume wangu", mimi ananiita "mke mwenza", na humdai kanga na sukari kama mke yeyote mwenye haki zake. Alipoonyeshwa katuni aliiweka simu karibu na jicho, akaipeleka mbali, akasema, "Mume wangu, ndiyo umenitoa mbele za watu sina meno? Niongeze hata mawili." Tukamwongezea mawili.

Ugomvi ulikuwepo, tena wa kila wiki. Yeye anachora mpaka ukingoni, haachi hata upenyo. Namuuliza, "Maneno yangu niyaweke wapi, mfukoni?" Ananijibu, "Punguza domo, mke wangu." Basi namrefushia makusudi, maneno yanafunika mwembe mzima aliouchora jani kwa jani. Tunanuniana, chai inapoa, halafu mmoja anashindwa kujizuia anacheka. Nilimpenda sana mume wangu siku zile.

Sasa bibi wa kwenye katuni akatakiwa atembee. Bibi wetu hatembei, miguu ilishamgomea. Mume wangu akapekua picha alizopiga Maparoni tulipokwenda wakati wa mavuno, akapata mwanamke aliyepigwa kwa nyuma: kajifunga kibwebwe, ungo wa mpunga kichwani, mkono mmoja kiunoni, kiwiko kimetoka nje kama mkono wa birika. Akauchora mgongo ule, akampachika kichwa cha bibi, na kwa sababu ni katuni, huku chini akaongeza chumvi. Akaongeza chumvi nyingi. Mgongo ule umenibeba utoto wangu wote, lakini kwenye kioo kilichopasuka sikuutambua. Nilicheka. Nikaandika: "Usiniite. Nikigeuka utajuta."

Loo! Hicho kipande kilikimbia kuliko vyote. Watu wakakigeuza stika. Sokoni nilimsikia muuza nyanya akimwambia mteja mwenye bei za kuudhi, "Nikigeuka utajuta," nikatembea kama malkia siku nzima.

Kisha wanaume wakaigundua. Wakakata kichwa, wakakata ungo, wakabakiza kiuno kushuka chini. Wakaanza kuibandika chini ya picha za mabinti wa watu. "Geuka basi mama tujute." Mwingine ameandika mambo ambayo siwezi kuyarudia hapa, na kwenye picha yake mwenyewe kavaa kanzu, kashika tasbihi. Ptuu! Mtu mzima, mvi mpaka kidevuni! Mimba yangu ilikuwa changa. Nilikuwa nasoma maoni yale huku nakula wali, na wali ukarudi wote. Tangu siku ile nikawa siwezi kuona kidole cha mume wangu kinapandisha kioo cha simu, kinapandisha, kinapandisha, na yeye mwenyewe anachekelea, nisilivute beseni.

Wakati huohuo nilikuwa namsubiri mama. Mimba yangu ya kwanza ilinitoka, na aliyenishika, akanisafisha, akanisitiri ni yeye. Hii ya pili niliogopa kama mtoto. Nilimwambia mume wangu wazi: bila mama mimi sizai. Mama akaahidi kuja mapema na kukaa mpaka arobaini itoke.

Akapanda boti kwetu na kikapu cha kamba wakavu wa kuniletea. Aliposhuka bandarini Nyamisati, vijana wa kupakua mizigo wakamwona anapanda ngazi, kibwebwe kiunoni na kiwiko nje. Mmoja akatoa simu akalinganisha. "Ndiye! Wallahi ndiye!" Wakaanza kumpigia kelele. "Mama, usigeuke! Ukigeuka tutajuta!" Mama akadhani wamelewa. Muuza vitumbua mmoja ndiye aliyemwonea huruma akamwonyesha ile stika, iliyokatwa. Mama akajikalia palepale juu ya kikapu chake mpaka boti ilipogeuza, akarudi kwao.

Alinipigia jioni. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Mwanangu, nani kanivua nguo?"

"Mama, ile ni katuni ya bibi..."

"Mgongo wangu naujua hata mimi nisiyeuona. Nani alinipiga picha?"

Nikamwambia ni mume wangu.

"Ndiyo mkwe wangu ananitazama huko?"

Ukitaka kujua uzito wa swali hilo, lazima uwe umeolewa kwetu. Mume wangu na mama hawajawahi kukaa mkeka mmoja. Wakikutana njiani mama hupisha, hujitanda mtandio, huitikia salamu akitazama pembeni. Hajawahi kula mbele yake hata tonge. Akisikia kikohozi chake uani huacha alichonacho akajistiri kwanza. Miaka yote hiyo amejistiri mbele ya mwanaume mmoja, na mwanaume huyohuyo ndiye aliyekaa na kalamu akamchora sehemu ile, akaipanua kwa kalamu.

"Mwanangu, Mungu akusaidie ujifungue salama," akasema. "Mimi Kibiti siji."

Nilimsubiri mume wangu mlangoni. Kukosea angekosea, binadamu sote hukosea. Nilitaka aseme "Astaghfirullah," ashike kichwa, afute. Alivyosikia akasema, "Lakini watu hawajui kama ni mama."

"Nyamisati yote inajua!"

"Nikiifuta hiyo, ukurasa unakufa. Wote wameingia kwa hiyo. Subiri kwanza, kuna mtu tunaongea naye."

Huyo mtu alikuwa muuza dawa za kukuza makalio. Alitaka mwanamke yuleyule wa kwenye stika achorwe mara mbili, kabla ya kupaka na baada ya kupaka. Na mume wangu alishaanza. Alinionyesha! Alinionyesha kwa fahari kabisa, anataka nimpe maneno. Nilitazama: mama yangu mara mbili, na kopo la mafuta katikati. Beseni lilikuwa mbali. Nilimtapikia miguuni, na sikuomba radhi.

"Ni mimba," akasema, akichukua fagio. "Haya, pumzika."

Maneno sikumpa. Akaandika mwenyewe, machafu, hata tahajia hovyo, na watu wakacheka vilevile. Hilo nalo lilinichoma. Nilikaa mwaka mzima nachagua neno, napima, nafuta, kumbe wale hawakuwa wakisoma.

Nikampigia bibi. Nikamsimulia yote, naye akasikiliza bila kutia utani wowote, jambo ambalo sijawahi kulisikia kwake. Akasema, "Mpe simu mume wangu." Nikaweka sauti kubwa.

"Mume wangu."

"Naam, mke wangu," akajibu, anacheka.

"Usicheke. Mtani wako ni mimi. Mimi nichore uchi, nichore nimekalia nazi, ni haki yako. Huyu ni mwanangu, na kwako ni mkwe. Umekosea mlango, baba. Umeingia chumba cha mkweo ukidhani ni changu, umewashiwa taa, na bado hutoki?"

Kicheko kikamkauka. Bibi hajawahi kumwita "baba" tangu atuoze. Akakaa chini na simu mkononi, akafuta kile kipande, akafuta kile cha mafuta, na kabla jua halijazama akafuta ukurasa mzima, na kuku, na meno mawili ya bibi. Alilia. Mimi nilimtazama tu. Kinyaa hakikuondoka, samahani, sikupata mahali pa kukipeleka. Na stika je? Stika haina mwenyewe. Iko kwenye simu za watu mpaka leo.

Akamtuma mjomba wake Maparoni na doti ya kanga kuomba radhi. Mama akazipokea kanga, akasema ahsante, akaziweka sandukuni bila kuzikunjua.

Uchungu uliponishika nilikuwa nimeshakata tamaa. Nilijifungua wa kike, salama, nikarudishwa nyumbani, na kesho yake asubuhi nikasikia mtu anapiga hodi kwa sauti ninayoijua. Mama! Alikuwa amejitanda mabuibui mawili, moja juu ya jingine, katika joto lile, na mkono wa kiunoni kaubana kifuani. Hakuongelea boti wala Nyamisati. Alimchukua mjukuu, akamtazama, akasema, "Amefanana na mama yangu, masikini, hana meno." Nikacheka na mishono yangu.

Mume wangu akaja na samaki ndani ya beseni, akasimama uani. Mama alikuwa anaanika nepi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mkwe," mama akaziambia nepi.

Akasubiri. Mama akaanika nyingine, akainyoosha, akaibana. Samaki wakaanza kuingiwa na nzi. "Mama, naomba radhi," akasema. "Tumeshasamehe, mkwe," mama akajibu, na akaendelea kumpa mgongo. Ikawa hivyo siku zote alizokaa kwetu. Salamu anaitikia, chakula anampikia, dua anamwombea, ila uso wake hakumpa tena.

Jirani akaniuliza kama mume wangu sasa namtaka. Nikamwambia bado.

Arobaini ilipotoka, mama akafunga safari, na mume wangu akang'ang'ania kumbebea kikapu mpaka stendi. Niliwafuata na mtoto. Mama mbele ndani ya mabuibui yake mawili, yeye nyuma na kikapu, na njia nzima hakuwa na kingine cha kutazama. Tulipokaribia stendi, mchanga ukamteleza mama, mkono ukamponyoka ukaenda kiunoni wenyewe, kiwiko nje. Pale kwenye bodaboda mtu akapiga mluzi.

"Mama, usigeuke!"

Mume wangu akasimama katikati ya njia, kikapu kichwani. Mama hakusimama.