Mafuta ya Mtarakwa na Mguu wa Mama

Muda wote niliosomea shahada ya pili pale Njoro, nilinuka kama kabati jipya. Wenzangu walichagua mada za maana: kutu ya ngano, maziwa, maji ya visima. Mimi nilichagua majani ya mtarakwa, mti ambao nyumbani kwetu Bahati unajulikana kama nguzo za ua na si zaidi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya heshima sana. Nilichemsha majani ndani ya chupa kubwa ya kioo, mvuke ukapanda, ukapozwa, ukadondoka, na baada ya kutwa nzima nikapata mafuta yanayoelea juu ya maji, yasiyotosha kukaanga yai. Kisha mashine moja, iliyofanya kazi ilipojisikia, ikayatenganisha na kunionyesha yana nini ndani. Sehemu kubwa ilikuwa pinini, kitu kilekile kinachoipa misonobari harufu yake. Yaani nilitumia ujana wangu kuthibitisha kwamba mti unanuka kama mti.

Sehemu ya pili ndiyo iliyonivimbisha kichwa. Nilikuza bakteria kwenye visahani, nikaweka katikati kikaratasi kilicholoweshwa mafuta yangu, na asubuhi nikakuta duara safi kabisa kukizunguka. Bakteria walikuwa wamekufa. Jumapili iliyofuata nilifika nyumbani, na tukiwa mezani baada ya kanisa nikawahutubia jamaa zangu kuhusu duara hilo mpaka chapati zikapoa. Niliwaachia hata kichupa, wanuse sayansi.

Mama yangu alisikiliza kuliko wote. Ni mjane, anafuga ng'ombe wa maziwa, na ana ugonjwa wa sukari ambao yeye huuita "ile maneno ya daktari", kana kwamba daktari ndiye anayeugua. Hakuniuliza swali hata moja. Nilidhani amevutiwa na kemia.

Niliporudi tena mwishoni mwa mwezi, nilimkuta zizini akikamua, na nilipoinama kumsalimia nikasikia harufu ya maabara yangu. Haikutoka kwangu. Ilitoka chini ya sketi yake. Nilimsihi mpaka akafunua: mguu wa kushoto, karibu na kidole kidogo, palikuwa na kidonda cha kuchomwa na seng'enge, kimefungwa kitambaa kilicholowa mafuta ya mtarakwa. Ngozi pembeni ilikuwa imebadilika rangi.

Nilimwambia twende hospitali siku hiyohiyo. Akasema ana binti msomi, hospitali ya nini.

"Si ulisema inaua?" akaniuliza.

"Nilisema kwa sahani, mami."

"Na sahani iko na nguvu kushinda mguu?"

Nikaanza kumweleza. Nilieleza kwamba mafuta yakiwa hayajachanganywa na kitu huchoma ngozi, kwamba sahani haina damu, wala neva, wala sukari. Nilieleza vizuri sana, kama ninavyoeleza mbele ya walimu, na kama walimu, alitazama pembeni akingoja nimalize. Kisha akasema mafuta hayachomi, yanafanya kazi tu, na pengine mimi sitaki yeye awe wa kwanza kupona.

Nilikasirika. Nilichukua kichupa, nikaloweka kitambaa, nikajifunga mkononi juu ya kifundo mbele yake, nikamwambia tutaona. Huo ndio utafiti pekee nilioufanya bila idhini ya msimamizi wangu. Nilisafisha zizi, nikakata majani ya ng'ombe, nikajifanya sisikii moto. Tulipofungua alasiri, ngozi yangu nzima, isiyokuwa na jeraha lolote, ilikuwa nyekundu na imetoa malengelenge.

Mama aliugeuza mkono wangu huku na huku. Halafu mwanamke huyo aliyekataa hospitali kwa ajili ya mguu wake alivaa viatu, akamwita jirani mwenye gari, akaamuru tupelekwe Nakuru mara moja kwa ajili ya mkono wangu. Njiani alinigombeza kwa uzembe.

Kliniki tulimkuta daktari kijana. Aliniuliza nimejipaka nini. Nilipomwambia ni mafuta niliyotengeneza mwenyewe, kwa masomo, aliniangalia kwa upole wa mtu asiyetaka kucheka kazini. Akanisafisha, akanipa dawa ya kupaka. Kisha akavuta hewa, akamgeukia mama.

"Mathe, na wewe pia unanukia hivyo. Wewe umepaka wapi?"

Mama alitazama bango la chanjo ukutani, akalisoma lote. Nikasema ni mguu. Alinikata jicho, lakini akavua kiatu.

Daktari hakutania tena. Alibonyeza vidole vya ule mguu kimoja kimoja akiuliza kama anasikia, na mama akawa anasema ndiyo hata kabla hajaguswa. Walimlaza jioni hiyo. Nilikaa kwenye benchi nje ya wodi na sikuwa na neno lolote la kejeli, jambo ambalo walionijua wangelihofia. Baadaye walikata kile kidole kidogo, wakauokoa mguu. Mama alipozinduka aliuliza mkono wangu unaendeleaje.

Nilitetea tasnifu yangu kovu likiwa bado jekundu. Mtahini mmoja, mzee mwenye matumaini makubwa, aliniuliza kama mafuta haya yanaweza kupendekezwa kwa vidonda vya binadamu. Nilisema hapana. Akasubiri niendelee. Nikasema hapana tena, na nadhani hilo ndilo jibu lililonifaulisha.

Siku hizi mama ndiye mgonjwa mwema kuliko wote pale kliniki ya sukari. Hufika mapema, hukaa benchi ya mbele, na kabla muuguzi hajafungua mlango huwa ameshawapitia wenzake.

"Toa kiatu," huwaambia. "Hebu nione."

Na wanatoa, wazee wazima na makoti yao, wakimnyoshea miguu bila kuuliza amesomea wapi.