Nilivyoupaka shaba mrashi wa mama kwa siki na betri ya tochi

Wakuu, salaam aleykum. Humu mimi ni msomaji wa kimya tu, ila leo nimeona niandike kwa sababu nina shukrani moyoni. Haya yametokea nyumbani kwetu Wete, mtaa wa Jadida, na sijatia chumvi.

Dada yangu Salma alikuwa anaolewa.

Uchaguzi ulikuwa umepita, lakini Wapemba wenzangu mnajua hali ilivyokuwa. Watu wa vyama tofauti walisusiana mpaka harusi na mazishi. Mama na Bi Maryamu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, walikuwa hawasemeshani kabisa.

Sasa mama alikuwa na mpango wake. Kwetu siku ya harusi mama wa bibi harusi hupita na mrashi, kile chombo chenye shingo ndefu, akiwamwagia wageni marashi viganjani. Mrashi ukipita haumruki mtu. Wetu ni wa shaba nyekundu, aliuacha bibi.

Shida ni kwamba shingo ilikatika, fundi mmoja akaiunga kwa lehemu. Ukabaki mviringo mweupe kama bandeji.

"Sitoki nao mbele za watu," mama akasema. "N'takaa zangu jikoni."

Nikamuuliza, na Bi Maryamu je?

"Mrashi ndio ungenifikisha kwake, mwanangu. Mkono mtupu n'taanzia wapi?"

Iliniuma sana. Mimi ni fundi simu, na kemia ya sekondari haijanitoka yote. Nikaamua kujaribu electroplating.

Iko hivi wakuu. Ukitia vipande viwili vya metali, kimoja cha shaba, kwenye maji yenye chembe za shaba, ukaviunga na betri, shaba ya upande wa chanya huyeyuka kidogo kidogo, inasafiri majini, inaenda kuganda kwenye kitu kilichoungwa hasi. Basi.

Nilichukua siki nyeupe na chumvi kidogo, nikatumbukiza nyaya mbili za shaba zilizoungwa na betri ya tochi mpaka siki ikaanza kuwa bluu. (Fanyia penye hewa, na maji hayo ni sumu, yasifike jikoni.) Nikalowesha kitambaa, nikakizungusha pale penye lehemu. Juu ya kitambaa nikaviringisha waya wa chanya, usiguse mrashi. Hasi nikaifunga kwenye mrashi wenyewe.

Nilipofungua, shaba imeshika mabaka mabaka. Nikipitisha kidole inatoka.

Nikabadilisha betri. Yale yale. Karibu nikate tamaa.

Kumbe mama, kila nikiuweka mrashi chini, anaupaka mafuta ya nazi! Ndivyo vyombo vya shaba vinavyotunzwa kwetu.

"Si ung'are, mwanangu? Shaba haiachwi kavu."

Nilicheka mpaka akanikasirikia. Nikamweleza kwamba penye mafuta shaba mpya haikamati. Akausugua mwenyewe kwa jivu na ndimu, akausuuza, akanipa kwa kitambaa asiuguse na mikono.

Safari hii ikashika. Wekundu ulitofautiana kidogo na wa zamani, lakini weupe ulipotea. Mama aliugeuza geuza. Akaenda kuutia marashi.

Siku yenyewe sisi wanaume tulikuwa nje, kwa hiyo haya nimesimuliwa na Salma. Mama alizunguka ukumbi mzima. Alipofika kwa Bi Maryamu akasimama. Bi Maryamu akakinga viganja. Mama akamwagia, akamwagia, mpaka yakafurika yakatiririka kwenye kanga, na hakuna kati yao aliyeondoa mkono.

Alhamdulillah. Namshukuru Mungu, na namshukuru Bi Maryamu kwa kuja, maana angeweza kubaki kwake.

Funzo langu: kabla ya kupaka kitu, kisafishe kwanza mafuta yote, hata yale yaliyopakwa kwa mapenzi.

Wataalamu wa kemia nisahihisheni nilipokosea. Na kama kuna mwenye jirani aliyesusiana naye, atuambie alianzia wapi.

Mimi naishia hapa, Bi Maryamu ameleta sahani ya mkate wa kumimina na mama ananiita tule.